Lunar Magic ikigoma: soma dalili kabla hujaigusa ROM

Lunar Magic ni programu ya kutengenezea levo za Super Mario World, ile gemu ya Super Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1990 na Marekani mwaka uliofuata. Nintendo hawakuhusika nayo. Aliyeiandika ni shabiki anayejiita FuSoYa, akaitoa mwaka 2000, na mpaka leo ni ya bure. Inaendeshwa kwenye Windows na haina makuu: laptopu ya mtumba ya Kariakoo, ile ambayo hata kufungua kivinjari inahema, itaibeba bila shida.

Ugumu wake ni kwamba haiongei sana. Ukikosea, mara nyingi hupati ujumbe wowote. Unamwona tu Mario anadumbukia shimoni, au skrini inakuwa nyeusi na muziki unaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Hapo wengi hapa Dar huifuta na kuipakua upya, bando linakwisha, na tatizo liko palepale. Kupakua upya karibu hakutibu kitu. Kasoro huwa imekaa sehemu moja kati ya tatu: kwenye faili la ROM, yaani nakala ya gemu nzima kutoka kwenye kaseti, kwenye kazi uliyoifanya ndani yake, au kwenye emuleta unayochezea, ile programu inayoiga Super Nintendo kwenye kompyuta. Ukijua ni ipi, umemaliza nusu ya kazi.

Njia ya kujua ni hii. Chukua ROM safi ambayo hujawahi kuihariri, iwashe kwenye emuleta. Ikicheza vizuri, emuleta ni nzima. Itengenezee nakala, fungua ile nakala kwenye Lunar Magic, na levo 105 ndiyo itakayokupokea. Futa kitu kimoja tu karibu na mwanzo, hifadhi, kisha cheza. Kama kimetoweka, Lunar Magic nayo ni nzima, na shida iko ndani ya mradi wako. Kama hakijatoweka, shuka hadi sehemu ya pili hapa chini.

Inakataa kufungua ROM, au inalalamika kuhusu faili

Angalia ukubwa wa faili kwanza. ROM ya Super Mario World ambayo haijaguswa ina baiti 524,288. Ikiwa na baiti 524,800, hizo 512 za ziada ni kichwa kilichowekwa na mashine za zamani za kunakili kaseti, si ugonjwa. Ukubwa mwingine wowote maana yake umepewa kitu kingine. Mara nyingi ni ROM ambayo mtu ameshaihariri, kwa sababu Lunar Magic ikihifadhi levo mara ya kwanza huipanua ROM hadi megabaiti 1 ili ipate nafasi ya kuandika. Kwa hiyo faili la megabaiti 1 ulilopewa kwenye flashi na mtu anayeapa kwamba “hii ndiyo orijino” si orijino.

Ukubwa ukiwa sawa, bado kuna suala la toleo. Zana karibu zote za kazi hii zimeandikwa kwa toleo la Marekani. Kama una 7-Zip, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, tafuta menyu ya CRC, ile namba inayotambulisha faili, chagua CRC-32. ROM ya Marekani isiyo na kichwa hutoa B19ED489. Kama yako haina kichwa na herufi moja inatofautiana, iache. Usijaribu kuirekebisha, tafuta njia ya kupata nakala sahihi kutoka kwenye kaseti unayoimiliki.

Na kama faili limegeuka kuwa njia ya mkato yenye mshale mdogo, hilo halihusiani na Mario. Flashi imepata kirusi.

Nimebadilisha, nimehifadhi, lakini kwenye gemu hakuna kilichobadilika

Hili ndilo linalowasumbua watu kuliko yote, na karibu kila mara Lunar Magic imefanya kazi yake sawasawa.

Mtuhumiwa wa kwanza ni ile hifadhi ya papo hapo ya emuleta, ile unayobonyeza kitufe kimoja na gemu inaganda hapo ulipo ili uirudie baadaye. Haihifadhi mahali ulipofika tu. Inachukua kumbukumbu yote ya mashine jinsi ilivyo kwa sekunde ile, pamoja na levo ambayo tayari imeshasomwa kutoka kwenye ROM. Unahariri levo, unarudi kwenye emuleta, unaita ile hifadhi, na unachokiona ni levo ya zamani iliyolala kwenye kumbukumbu. Mbaya zaidi ni pale ulipoongeza maadui wapya au muziki: kumbukumbu ya zamani inakutana na ROM mpya, gemu inaanguka, na unaanza kutafuta kosa ambalo halipo. Ukiwa kwenye kazi ya kuhariri, acha kabisa kutumia hifadhi hiyo. Anzisha gemu upya kila unapojaribu.

Mtuhumiwa wa pili ni faili la .srm, ambalo emuleta hulitengeneza pembeni ya ROM kwa jina lilelile. Humo ndimo inamokaa hifadhi ya kawaida ya gemu: levo ulizomaliza, njia zilizofunguka, mahali Mario aliposimama kwenye ramani. Ukibadilisha ramani halafu ukaendelea na hifadhi ya zamani, njia mpya hazitafunguka na Mario anaweza kusimama baharini. Futa .srm, anza gemu mpya.

Wa tatu hana ujanja wowote: unahariri faili moja na kucheza jingine. Ukifungua folda utakuta “mario”, “mario mpya”, “mario mpya 2” na “mario FINAL”, na nyingine imebaki kwenye Downloads. Emuleta inakumbuka orodha ya ulizofungua karibuni, nawe unabonyeza ya juu bila kusoma. Weka mradi kwenye folda moja. ROM unayofanyia kazi iwe moja, na nakala za akiba zikae folda nyingine kabisa ambayo emuleta haiijui.

Ukihariri vigae vya Map16, lile dirisha la vigae vinavyojenga levo, kuhifadhi levo peke yake hakutoshi. Dirisha lile lina hifadhi yake: ukiwa ndani yake bonyeza F9.

Bomba linanipeleka kwenye bonasi, na bonasi inanirudisha bonasi

Kijana mmoja wa Sinza aliniletea laptopu akiwa ameshakata tamaa.

“Kaka, hii kitu imelogwa. Kila bomba, bonasi. Nikimaliza bonasi, bonasi tena.”

“Umeliwekea njia ya kutokea?”

“Nimeweka, mbona. Hii hapa.”

Ilikuwepo kweli. Ila ilikuwa imewekwa kwenye skrini ya 06, na bomba lilikuwa mwanzoni mwa skrini ya 07.

Lunar Magic haiweki njia kwenye bomba. Inaiweka kwenye skrini. Levo ya kawaida ya kwenda mbele imegawanywa katika skrini zenye upana wa vigae 16 kila moja, na kila skrini ina njia moja tu ya kutokea. Mario akiingia bombani au mlangoni, gemu inauliza kitu kimoja: yuko skrini ya ngapi? Kisha inasoma njia ya skrini hiyo. Isipokuta kitu, inampeleka levo 0 au levo 100, na kwenye ROM ya asili hizo ndizo levo za mchezo wa bonasi. Kwa hiyo kuona bonasi pasipotarajiwa kunakuambia jambo moja bila shaka: skrini hiyo haina njia.

Ukishaelewa hivyo, kasoro nyingine mbili zinajieleza. Mabomba mawili yaliyo kwenye skrini moja yatakupeleka mahali pamoja, hata ukifanya nini, sogeza moja. Na bomba lililokaa juu ya mpaka wa skrini mbili litakupeleka sehemu moja leo na nyingine kesho, kwa sababu inategemea Mario amesimama upande gani wa mpaka. Washa mistari ya kuonyesha mipaka ya skrini na uiache imewaka muda wote. Sioni sababu ya mtu kuizima.

Kama bomba linakufikisha levo sahihi lakini Mario anatokea hewani na kufa, kagua mahali pa kuingilia pa levo unayofika. Ukitaka kutokea katikati ya levo, tengeneza mlango wa ziada wenye namba yake, kisha uitaje namba hiyo kwenye njia ya kutokea. Mlango mkuu ni mmoja tu kwa kila levo.

Ardhi inaonekana lakini Mario anapita, au ua la mapambo linamzuia

Kila kigae kina sura na kina tabia, na hivyo viwili havijuani. Unaweza kuchora jiwe zuri ambalo tabia yake ni hewa. Fungua Map16, kichague kigae, tazama kisanduku cha Act As. Namba 25 ni hewa, 130 ni zege. Jiwe linalopitika lina 25, liandikie 130. Ua linalomzuia Mario lina 130, ambayo ndiyo vigae vipya vingi huja nayo, liandikie 25. Kisha F9.

Kwa bloku zinazoingizwa kwa programu ya GPS, zile zenye tabia mpya kabisa, kosa la kawaida liko kwenye faili la orodha. Windows huficha viishio vya majina, kwa hiyo unatengeneza list.txt kwa Notepad na kumbe jina lake halisi ni list.txt.txt. GPS inatafuta list.txt, haikuti bloku zako. Ingia kwenye mipangilio ya folda, amuru viishio vionekane. Hilo hilo huwapata wanaotumia PIXI kuingiza maadui wapya.

Maadui: wamevurugika, hawatokei, au ametokea mwingine

Adui akionekana kama takataka za rangi, programu yake ni nzima; picha zake ndizo hazijapakiwa. Super Mario World haipakii picha za maadui wote kwa mara moja. Kila levo ina nafasi nne za picha za spraiti, yaani maadui na vitu vingine vinavyosogea, SP1 hadi SP4, na mbili za mwisho ndizo zinazobadilika kulingana na aina ya levo. Ukimweka Boo, yule mzimu, kwenye levo ya majani, atachorwa kwa vipande vya viumbe wengine. Badilisha seti ya picha za spraiti ya levo, au mchague adui anayeendana na seti uliyonayo. Watu hujaza levo moja na maadui kutoka dunia tano tofauti halafu wanashangaa. Mashine ile haikujengwa kwa fujo hiyo.

Adui asipotokea kabisa, hesabu wenzake. Gemu ina nafasi 12 za spraiti zinazoishi kwa wakati mmoja, na baadhi yake zina kazi maalumu. Zikijaa, anayefuata anasubiri nje au haji kabisa. Vipande vya miili vikipotea au kumeta, tazama mpangilio wa kumbukumbu ya spraiti kwenye kichwa cha levo kwanza, halafu kumbuka kwamba Super Nintendo yenyewe haiwezi kuchora zaidi ya vipande 32 vya spraiti kwenye mstari mmoja wa skrini. Maadui wengi wakubwa waliosimama sambamba hukugotesha kwenye ukuta huo. Wapandishe wengine, wateremshe wengine.

Gemu kuwa nzito ni ndugu wa tatizo hilo. Kuna kiraka, yaani faili la mabadiliko linalobandikwa kwenye ROM, kiitwacho SA-1, kinachoifanya ROM itumie chipu ya megahezi 10.74 badala ya kutegemea prosesa ya kawaida, ambayo mwisho wake ni 3.58. Kinafanya kazi, lakini kinawekwa mwanzoni, kwenye ROM safi, na kila adui au kiraka utakachoongeza baadaye lazima kiwe kimeandikwa kukubaliana nacho. Ukikiweka mradi ukiwa umefika mbali, utatengeneza matatizo mapya kumi. Punguza maadui, itoshe.

Halafu kuna lile la “nimeingiza adui mpya kwa PIXI, namba 00, anatokea kobe wa kijani asiye na gamba.” Huyo kobe ndiye spraiti 00 wa asili. Unapomweka adui mpya kwenye Lunar Magic, pamoja na namba kuna sehemu ya biti za ziada. Ukiacha 0, gemu inaelewa unamtaka wa asili. Weka 2.

Levo inaingia kwenye giza na haitoki

Kabla ya yote: je, umeme ulikatika ukiwa unahifadhi? Laptopu nyingi za mtumba betri zake zilishakufa, zinaishi kwa waya. Umeme ukikatika faili likiwa linaandikwa nusu, ROM inaharibika mahali ambapo hutapaona kwa macho. Lunar Magic ina mfumo wake wa kurudisha hali ya nyuma. Uwashe siku ya kwanza. Usipokuwepo, rudi kwenye nakala ya jana. Kurekebisha ROM iliyokatika katikati hakulipi muda wako.

Kama umeme haukukatika, tafuta kwa kugawa nusu kwa nusu. Nakili ROM, futa maadui wote wa levo ile, ingia. Ikifunguka, warudishe nusu. Ikifunguka tena, mkosaji yumo kwenye nusu iliyobaki. Ndani ya dakika chache utakuwa umemshika kwa jina, na mara nyingi ni adui wa PIXI ambaye umemweka levoni lakini hukumwandika kwenye orodha, au umemwandika na hukuiendesha PIXI tena.

Kama hata bila maadui bado ni giza, tazama namba ya hali ya levo. Hali 09, 0B na 10 ni za vita vya mabosi. Hazisomi ardhi uliyoichora kama levo nyingine. Mtu huzichagua kwa kujaribu tu kisha anasahau. Rudisha 00, ambayo ni levo ya kawaida ya kwenda mbele.

Picha zangu mpya hazionekani

Majina. Faili la picha za ziada lazima liitwe ExGFX80.bin na kuendelea, likae ndani ya folda ya ExGraphics pembeni ya ROM, halafu uliingize. Ukilihariri tena, liingize tena. Kuhifadhi kwenye programu ya kuchorea hakuigusi ROM. Usianzie chini ya 80.

Levo yangu haikubali kuwekwa kwenye ramani

Namba za levo zinahesabiwa kwa msingi wa 16, yaani baada ya 9 inakuja A mpaka F, ndipo 10. Kuna levo 000 hadi 1FF, jumla 512, lakini ramani inaweza kuita moja kwa moja 000 hadi 024 na 101 hadi 13B pekee. Zilizobaki ni za vyumba vya ndani, unazozifikia kwa bomba na milango. Ukiwa umeijenga kazi yako yote levo 050, usihangaike kuijenga upya: ifungue, ihifadhi kwa namba nyingine, kwa mfano 10A, kisha rekebisha njia zilizokuwa zinaelekea 050.

Mario akimaliza levo na asiweze kusogea, kigae cha levo hakijaambiwa kifungue mwelekeo gani, au tukio lake halina njia iliyochorwa. Usisahau lile faili la .srm.

Muziki unakwaruza au gemu inaanguka wimbo ukianza

Unatumia ZSNES? Toleo lake la mwisho, 1.51, ni la mwaka 2007, na sauti yake haifuati mashine halisi kwa usahihi. Nyimbo zinazoingizwa kwa AddmusicK zimetengenezwa kwa mashine halisi. Hamia Snes9x ya karibuni au bsnes, kisha ndiyo useme kama wimbo ni mbovu. Nasikia wazee wa gemu wakiitetea ZSNES kwa sababu ni nyepesi. Ni nyepesi kweli, ila isitumike kupimia kazi.

Kwangu inacheza, kwa rafiki haichezi

Kwanza, usimtumie ROM. Ni mali ya Nintendo, na hata ukiweka hilo pembeni, unamchomea bando bure. Tumia Floating IPS, iitwayo Flips, kutengeneza kiraka cha BPS: unaipa ROM safi na ROM yako, inatoa faili lenye tofauti tu. Faili hilo unaweza kulituma WhatsApp kama hati.

Chagua BPS badala ya IPS kwa sababu BPS inabeba alama ya ROM iliyotengenezewa. Rafiki wa Mbagala akijaribu kukibandika kwenye ROM isiyo safi, inakataa palepale. IPS ingekubali kimyakimya, kisha angekupigia usiku kukuambia gemu yako imeharibika. Akikataliwa, mwambie apime CRC ya ROM yake kama tulivyofanya juu. Kwenye Snes9x anaweza hata asibandike: aweke kiraka na ROM folda moja, vyote viwe na jina lilelile isipokuwa kiishio, na emuleta itavikutanisha yenyewe.

Kama ameshabandika na bado levo anazoziona ni za zamani, muulize ana .srm ya lini.